Shahada ya midia anuwai Campbelltown: darasa moja, bei nne

Kijana wa kwanza alifika Australia akiwa mkimbizi kutoka Burundi. Wa pili aliletwa na wazazi wake kutoka Nairobi, familia nzima ikiwa na viza ya ukaazi wa kudumu kwa sababu ya ujuzi wa baba. Wa tatu ametoka Dar es Salaam kwa viza ya masomo. Katika chuo kikuu cha Campbelltown, pembezoni mwa jiji la Sydney, vijana kama hawa wanaweza kuketi mbele ya kompyuta za chumba kimoja wakimsikiliza mwalimu mmoja, na mwisho wa miaka mitatu wakatunukiwa cheti kilicho sawa kwa kila hali.

Walichokilipia, hata hivyo, hakitakuwa sawa. Nchini Australia bei ya shahada ya kwanza hutegemea aina ya viza aliyo nayo mwanafunzi na hata jina la somo analolisoma. Shahada ya midia anuwai, yaani ile inayochanganya picha, sauti, video, uhuishaji na tovuti, ni mfano mzuri wa jambo hilo. Inawavutia vijana wengi wa Afrika Mashariki, na ndani yake yamo masomo yanayotozwa ada kwa viwango vinavyotofautiana sana. Familia isiyoufahamu utaratibu huo inaweza kujikuta imebeba deni kubwa kuliko ilivyotarajia, au imeuza shamba nyumbani kwa ajili ya cheti ambacho peke yake hakimpi kijana kazi.

Mji ulio mwisho wa reli ya mjini

Campbelltown uko takriban kilomita 50 kusini-magharibi mwa katikati ya Sydney, katika ardhi ya jadi ya watu wa Dharawal. Jina lake lilitolewa mwaka 1820 na Gavana Lachlan Macquarie, kwa heshima ya ukoo wa mkewe Elizabeth, aliyezaliwa Campbell. Katika miaka ya 1970 serikali ya jimbo la New South Wales ilijenga huko mitaa mikubwa ya nyumba za kupangisha kwa watu wa kipato cha chini, na mji ukakua haraka kuliko ajira na huduma zake.

Kwa muda mrefu kijana wa huko aliyetaka elimu ya chuo kikuu alilazimika kusafiri kila siku kwenda mjini. Hali ilibadilika kulipoundwa Chuo Kikuu cha Western Sydney mwaka 1989 kwa kuunganisha taasisi za elimu ya juu za magharibi mwa jiji. Kampasi yake ya Campbelltown iko karibu na kituo cha treni cha Macarthur, na tangu mwaka 2007 imekuwa pia makao ya mafunzo ya udaktari. Karibu nayo, katika barabara ya Narellan, kuna kampasi ya TAFE, taasisi ya serikali ya jimbo inayotoa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi.

Chuo Kikuu cha Western Sydney kina kampasi kadhaa, zikiwemo Parramatta, Penrith, Liverpool na Bankstown, na si kila shahada hufundishwa katika kila kampasi. Mwanafunzi anayeishi Campbelltown anaweza kukuta masomo ya teknolojia ya habari yako karibu na nyumbani, ilhali ya usanifu au mawasiliano yako Parramatta, safari inayohitaji kubadili treni. Kwa mwenye kazi ya jioni au mwenye wadogo wa kuwachukua shuleni, saa za safari ni sehemu ya gharama. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza ni kampasi gani, na kwa mwaka upi wa masomo.

Kinachofundishwa

Shahada ya kwanza nchini Australia ni ya daraja la saba katika mfumo wa taifa wa sifa za elimu, na kwa kawaida huchukua miaka mitatu ya masomo ya muda wote. Katika Chuo Kikuu cha Western Sydney shahada ya miaka mitatu huwa na pointi 240, na somo moja la kawaida huwa na pointi 10. Mwanafunzi husoma masomo manne katika kila muhula, jumla ya masomo 24.

Majina ya shahada hutofautiana kutoka chuo hadi chuo: usanifu, mawasiliano, vyombo vya habari vya kidijitali, uhuishaji, teknolojia ya habari. Hata hivyo mwenendo wake hufanana. Mwaka wa kwanza huwekwa misingi: kupanga picha na maandishi katika ukurasa, matumizi ya rangi, upigaji picha, historia ya vyombo vya habari na uandishi. Mwaka wa pili huingia katika kurekodi na kuhariri video na sauti, kuchora vitu vinavyotembea, kutengeneza tovuti kwa kutumia HTML, CSS na JavaScript, na kuchunguza jinsi mtumiaji anavyoielewa programu ya simu. Mwaka wa tatu huwa na mradi mkubwa, na mara nyingi mafunzo kwa vitendo katika kampuni au shirika.

Yapo pia masomo ambayo wanafunzi wengi hawayatarajii: sheria ya hakimiliki, ambayo nchini Australia imejengwa juu ya sheria ya mwaka 1968, maadili ya kumpiga mtu picha, na nadharia ya mawasiliano inayodai insha ndefu zenye kunukuu vitabu. Kijana aliyejiandikisha akidhani atashika kamera tu hushtuka anapoona nusu ya kazi yake ya muhula wa kwanza ni kusoma na kuandika.

Walimu wana sababu ya kusisitiza misingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu iliyotawala fani hii ilikuwa Flash, ya kampuni ya Macromedia, iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2005. Masomo mengi yalijengwa juu yake. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Disemba 2020, na kazi nyingi zilizotengenezwa kwa Flash hazifunguki tena katika vivinjari vya kawaida. Aliyekuwa amejifunza vitufe vya Flash peke yake alibaki na ujuzi uliokufa. Aliyekuwa amejifunza jinsi jicho linavyofuata mwendo na jinsi hadithi inavyopangwa alihamia katika programu nyingine. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, kwa kuenea kwa zana za akili bandia zinazoweza kutoa maandishi, picha na video, swali hilo hilo limerudi kwa nguvu zaidi.

Bei nne za kiti kimoja

Mwaka 1974 serikali ya Waziri Mkuu Gough Whitlam, ambaye alikuwa mbunge wa jimbo la Werriwa huko huko kusini-magharibi mwa Sydney, ilifuta ada ya vyuo vikuu. Mwaka 1989, mwaka ule ule kilipoundwa Chuo Kikuu cha Western Sydney, wanafunzi walianza tena kuchangia, safari hii kwa utaratibu wa mkopo unaokatwa kwenye kipato baada ya masomo. Utaratibu huo ndio unaotumika hadi leo, lakini haumgusi kila mtu kwa namna moja.

Raia wa Australia akipata nafasi inayogharamiwa kwa sehemu na serikali kuu hulipa mchango tu, na mchango huo anaweza kuukopa wote kutoka serikalini. Hatoi senti mlangoni.

Mkimbizi aliyepewa viza ya kudumu ya kibinadamu ana haki hiyo hiyo ya kupata nafasi na mkopo, hata kabla hajawa raia. Wapo vijana wa Kiburundi, Kikongo na Kisudani Kusini waliokosa kujua jambo hili wakaahirisha masomo wakisubiri uraia bila sababu.

Mwenye ukaazi wa kudumu kwa njia nyingine, kwa mfano ujuzi au ndoa, huweza kupata nafasi inayochangiwa na serikali, lakini kwa kawaida hana haki ya mkopo. Mchango wake lazima aulipe kwa fedha taslimu kila muhula. Kwa familia hizi kuomba uraia mapema si suala la hisia peke yake. Kwa kawaida maombi huruhusiwa baada ya kuishi nchini kihalali miaka minne, mmoja wa mwisho ukiwa wa ukaazi wa kudumu.

Wa nne ni mwenye viza ya muda. Huyu hulipa ada ya mwanafunzi wa kigeni, ambayo chuo hujipangia na ambayo kwa fani hii mara nyingi hupita dola 25,000 za Australia kwa mwaka. Katika kundi hili wamo pia waomba hifadhi ambao maombi yao hayajaamuliwa, hata kama wamesoma sekondari Sydney na wanazungumza Kiingereza kama wenyeji. Baadhi ya vyuo vikuu vimeweka ufadhili maalumu kwa ajili yao, na hiyo ndiyo njia ya kwanza wanayopaswa kuiulizia.

Jina la somo lina bei yake

Kwa wale wanaochangiwa na serikali kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Mabadiliko yaliyoanza mwaka 2021 yaliyapanga masomo katika makundi manne ya mchango. Masomo ya mawasiliano yaliwekwa katika kundi la juu kabisa, pamoja na sheria na biashara, kwa dola 14,500 kwa mwaka. Sanaa za ubunifu, masomo ya picha na sauti, na teknolojia ya habari yaliwekwa kundi la pili kutoka chini, kwa dola 7,950. Viwango hivyo vimekuwa vikipanda kila mwaka kufuata gharama za maisha, lakini pengo limebaki.

Kwa hesabu ya viwango vya mwaka 2021, miaka mitatu ya masomo ya mawasiliano peke yake ni dola 43,500, na ya kundi la sanaa na teknolojia ni dola 23,850. Tofauti ni dola 19,650. Mchango hutozwa kwa kila somo na si kwa jina la shahada, kwa hiyo mwanafunzi wa midia anuwai, ambaye masomo yake hutoka pande zote mbili, huangukia mahali fulani katikati. Anayepanga masomo ya kuchagua bila kuangalia kundi la mchango anaweza kuongeza maelfu ya dola kwenye deni lake bila kukusudia.

Deni lenyewe halitozwi riba ya benki. Kila tarehe 1 Juni huongezwa kwa kiwango cha kupanda kwa bei au cha kupanda kwa mishahara, kile kilicho kidogo. Jambo hili ni muhimu kwa familia za Kiislamu, ambazo hutaka kuelewa asili ya nyongeza hiyo kabla ya kutia saini. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 ilipunguza madeni yaliyokuwapo kwa asilimia 20, na pia ikaweka kwamba makato yaanze kipato kinapozidi dola 67,000 kwa mwaka, tena kwenye ile sehemu iliyozidi tu. Asiyefikia kipato hicho hakatwi. Kwa fani ambayo wahitimu wengi huanza na kazi za muda mfupi, kinga hiyo si ndogo.

Anayetoka nyumbani

Mwenye viza ya masomo hana kinga hiyo. Ada ya kuomba viza yenyewe ilipandishwa hadi dola 1,600 Julai 2024, kisha dola 2,000 Julai 2025, na hairudishwi kwa sababu tu ya maombi kukataliwa. Tangu Mei 2024 mwombaji ametakiwa kuonyesha kuwa na dola 29,710 za kujikimu kwa mwaka mmoja, mbali na ada ya chuo na nauli. Lazima pia awe na bima ya afya ya wanafunzi wa kigeni na apite mtihani wa Kiingereza. Alama 6.5 za IELTS ni kiwango cha kawaida cha shahada ya kwanza.

Familia nyingi hupanga kwamba kijana atajilipia kwa kufanya kazi. Hesabu haikubali. Tangu Julai 2023 mwenye viza ya masomo ameruhusiwa kufanya kazi saa 48 kwa wiki mbili wakati wa muhula. Kwa kima cha chini cha taifa cha dola 24.95 kwa saa, kilichoanza Julai 2025, hizo ni takriban dola 1,197 kabla ya kodi. Hata akizifanya saa zote mwaka mzima atapata kama dola 31,000, karibu sawa na kile ambacho serikali yenyewe inakihesabu kuwa ni gharama ya kuishi. Likizo huongeza kidogo, kwa kuwa mpaka wa saa huondolewa. Ada ya chuo hubaki kutafutiwa mahali pengine.

Baada ya kuhitimu, viza ya muda ya wahitimu humruhusu mwenye shahada ya kwanza kubaki na kufanya kazi kwa kawaida miaka miwili, na tangu Julai 2024 mwombaji wa kawaida hapaswi kuwa amezidi umri wa miaka 35. Viza hiyo si ukaazi. Tena, kinyume na uuguzi, ambao una bodi ya taifa inayowasajili wenye sifa, midia anuwai haina usajili wa aina hiyo. Wakala wa elimu anayedokeza kwamba shahada hii ni mlango wa uhakika wa kubaki Australia anapaswa kuulizwa analipwa na nani. Kwa kawaida hulipwa kamisheni na chuo.

Njia ya kupitia TAFE

Kwa wanaoishi Campbelltown kuna njia ya polepole yenye hatari ndogo. TAFE na vyuo vingine hutoa vyeti na stashahada za kutengeneza picha, video na kazi za kidijitali. Stashahada ni daraja la tano katika mfumo wa taifa, na mara nyingi chuo kikuu hukubali kuihesabu kuwa sehemu ya shahada, wakati mwingine kiasi cha kumwingiza mwanafunzi moja kwa moja mwaka wa pili.

Njia hii humfaa kijana ambaye alama zake za kidato cha mwisho hazikutosha, mtu mzima aliyesoma zamani kwa Kiswahili au Kifaransa, na yule ambaye hana hakika kama fani hii ni yake. Akigundua katika mwaka wa kwanza kwamba haipendi, amepoteza kidogo. Makubaliano ya kuhesabu masomo yanapaswa kuombwa kwa maandishi kabla ya kuanza, kwa sababu hayalingani kutoka stashahada moja hadi nyingine.

Cheti na jalada la kazi

Mwajiri wa fani hii huomba kuona kazi. Anataka jalada: video tatu au nne fupi, tovuti inayofunguka, michoro, na maelezo mafupi ya sehemu ambayo mhitimu aliifanya yeye mwenyewe. Mhitimu mwenye alama nzuri asiye na jalada huachwa, na mwenye alama za wastani mwenye jalada zuri huitwa kwenye mahojiano. Thamani ya miaka mitatu kwa hiyo hupimwa pia kwa kile mwanafunzi alichokihifadhi kila muhula.

Hapa vijana wa Afrika Mashariki wana mtaji ambao mara nyingi hawauhesabu. Shirika la utangazaji la SBS lilianza mwaka 1975 kwa redio mbili, Sydney na Melbourne, zilizokusudiwa kuwaeleza wahamiaji kwa lugha zao mpango mpya wa bima ya afya. Leo Kiswahili ni miongoni mwa lugha inazotangaza. Hospitali, mabaraza ya miji na shule huhitaji video fupi zinazoeleweka na watu wa lugha mbalimbali. Mwanafunzi anayeweza kuandika mswada kwa Kiswahili sanifu, kuurekodi, kuweka maandishi chini ya picha na kumwelewesha bibi aliyetoka kambini namna ya kutumia dawa, ana kazi ambayo si rahisi kumpata mwingine wa kuifanya.

Na soko haliko Australia peke yake. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotangazwa na BBC kuanzia mwaka 2010, zilichorwa Nairobi. Ubongo Kids, kipindi cha kufundisha hesabu na sayansi kwa watoto, kilianza Tanzania mwaka 2014 kikitengenezwa Dar es Salaam. Kenya ina Chuo Kikuu cha Multimedia, kilichoanza mwaka 1948 kama shule ya mafunzo ya mawasiliano na kupewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kabla ya mzazi wa Nairobi au Mwanza kuamua kumpeleka mtoto ng'ambo, inafaa alinganishe kile atakachokipata huko na kile kinachopatikana nyumbani kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Anayekusudia kurudi na shahada ya nje ajue pia kwamba itahitaji kutambuliwa na mamlaka ya nchi yake, kama vile Tume ya Vyuo Vikuu nchini Tanzania au Baraza la Taifa la Elimu ya Juu nchini Uganda.

Kabla ya kulipa

Mwanafunzi wa kigeni anapaswa kuhakikisha kwamba kozi yenyewe, na siyo chuo tu, imo katika CRICOS, rejista ya serikali ya kozi zinazoruhusiwa kuwapokea wenye viza ya masomo. Rejista hiyo iko wazi kwa kila mtu kwenye mtandao. Chuo kikifunga au kikishindwa kufundisha, upo mfuko wa kulinda ada ulioanzishwa mwaka 2012, lakini unawalinda waliojiandikisha kwa njia halali.

Mwanafunzi anayechangiwa na serikali ana tarehe moja ya kuikariri. Kila somo lina siku ya mwisho ya kujiondoa bila kudaiwa, na hutangazwa kabla ya muhula kuanza. Aliyejiondoa kabla ya siku hiyo hana deni la somo hilo. Aliyeacha kuhudhuria bila kujiondoa rasmi anadaiwa ada yote, hata kama hakuingia darasani tena.